Wasafiri wazoefu wanaijua meli, hawamjui mhudumu

Nami natoa maoni yangu juu ya safari za meli za kitalii. Wiki chache zilizopita msomaji mmoja aliandika hapa kwamba kukaa melini siku kumi na nne ni kifungo cha matajiri, na kwamba mtu anayependa starehe hiyo hajui kusafiri. Baadaye msomaji mwingine akamjibu kwamba tuache kuwabeza wageni, tuwasikilize wasafiri wazoefu kwa kuwa wao ndio wanaoyajua mambo hayo. Mimi namuunga mkono huyu wa pili, lakini nusu tu. Wasikilizwe, ila tuangalie vizuri ni kitu gani wanakijua na ni kitu gani hawakijui.

Kwanza nakiri kwamba mimi mwenyewe chombo changu cha baharini ni boti ya kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, nayo nilitapika. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa wazee wawili, mume na mke, walimu wastaafu kutoka Uingereza, waliokaa kijijini kwetu mwezi mzima mwaka jana wakitusaidia kupanga maktaba ya shule. Wazee hawa wamesafiri kwa meli za kitalii mara 19. Jioni tulikuwa tunakaa barazani, nami nikiwauliza maswali kama ninavyoulizwa na watoto wa darasa la tano, yaani bila haya.

Jambo la kwanza walilonifundisha ni kwamba mgeni wa mara ya kwanza hutazama ukubwa. Na ukubwa kweli upo. Meli iitwayo Icon of the Seas, kama ingeanza kuchukua abiria Miami Januari 1924 ingekuwa ajabu ya dunia, lakini imeanza Januari 2024 na watu wamekwisha izoea. Ina urefu wa mita 365, inaweza kubeba abiria hadi 7,600, na wafanyakazi wake ni 2,350. Kijiji chetu chote kingeingia humo na nafasi ikabaki. Lakini msafiri mzoefu haulizi habari ya ukubwa. Anauliza chumba chake kiko wapi. Akipata chumba katikati ya meli, sitaha ya chini, anafurahi, maana meli hucheza kama ule ubao wa bembea ambao watoto hukalia huku na huku: walio kwenye ncha hupanda na kushuka, aliye katikati hatikisiki sana. Tena anaangalia juu ya chumba hicho kuna nini. Kama kuna jiko au ukumbi wa dansi, anakikataa hata kama ni cha bei nafuu. Wazee wale siku hizi huchukua chumba kisicho na dirisha kabisa, kwa sababu, walisema, chumba ni cha kulalia na bahari iko nje.

Walinieleza mengine mengi ya namna hiyo. Mtu afike mji wa bandari siku moja kabla, kwa kuwa ndege ikichelewa meli haimsubiri. Dawa zake awe nazo mkononi, kwa sababu masanduku huweza kufika chumbani jioni. Anawe mikono kwa sabuni kila anapokwenda kwenye meza ya kujipakulia chakula, maana ugonjwa wa kutapika na kuhara ukiingia humo huenea upesi. Huko Marekani wakuu wa afya hutangaza hadharani majina ya meli ambamo abiria wasiopungua asilimia 3, au wafanyakazi kiasi hicho, wameugua tumbo safari moja. Mzee alisoma orodha hiyo kabla ya kulipa nauli kama sisi tunavyosoma matokeo ya mtihani.

Kisha habari ya fedha. Bei inayotangazwa, walisema, ni bei ya kupanda ngazi tu. Vinywaji vingi vina bei yake, intaneti ina bei yake, matembezi ya nchi kavu yana bei yake. Juu ya hayo kuna bahshishi, na hapa ndipo wazee wenyewe kwa wenyewe walipoanza kugombana mbele yangu. Katika makampuni mengi makubwa ya Marekani bahshishi hukatwa moja kwa moja kwenye hesabu ya abiria, kiasi fulani kwa mtu mmoja kwa siku. Abiria asiyetaka huweza kwenda ofisi ya mapokezi akaomba iondolewe. Mzee alikiri kwamba miaka ya kwanza alikuwa akiiondoa, kwa sababu alipenda kumpa mhudumu wake fedha mkononi. Mkewe akamwuliza, "Na yule aliyekuwa akifua mashuka, ulimpa mkono gani?" Mzee akanyamaza. Mimi kwa maoni yangu mama yule alikuwa na haki. Anayeosha vyombo huko chini haonwi na abiria, wala hana mlango wa kusimama akiaga. Lakini naongeza kwamba mwajiri anayeacha mshahara wa mtu utegemee moyo mwema wa mgeni ndiye wa kulaumiwa kwanza.

Sasa nije kwenye nchi zenyewe, maana huko ndiko yule msomaji wa kwanza alikogusa ukweli kidogo. Nilimwuliza mama yule amefika nchi ngapi. Akahesabu 34, halafu akacheka akasema zipo ambazo anaona aibu kuzihesabu. Mfano wake ulikuwa Labadee, pwani ya kaskazini ya Haiti. Hapo kampuni moja ya meli imekodi rasi kutoka serikali ya nchi hiyo tangu miaka ya 1980, ikazungushia ua, abiria wakawa wanashuka kuogelea na kula nyama ya kuchoma. (Ziara hizo zilisimamishwa mwaka 2024 na tena mwaka 2025 kwa sababu ya machafuko nchini humo.) Mama yule aliwahi kukaa hapo saa saba. Alisema, "Nimekwenda Haiti lakini sijafika Haiti."

Mfano mwingine ni mji wa Victoria huko Kanada. Meli nyingi zinazotoka Seattle kwenda kutazama barafu za Alaska hutia nanga Victoria jioni, abiria wanashuka, maduka mengi yamefungwa, na kabla ya usiku wa manane wamerudi. Mimi nilidhani ni mpango mbaya tu wa safari. Kumbe ni sheria. Nyingi ya meli hizi hupeperusha bendera za Bahamas, Panama, Malta au Bermuda, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inakataza meli ya bendera ya nje kuchukua abiria bandari moja ya Marekani na kuwashusha nyingine, wala haiwezi kufanya safari ya mzunguko kutoka Seattle bila kugusa nchi ya nje. Basi Victoria inaguswa. Abiria wa mara ya kwanza huuliza kwa nini wamefikishwa usiku. Mzoefu hubaki ndani akala chakula chake.

Lakini jambo lililonigusa zaidi katika habari za bandarini ni saa. Mwaka 2024 mwezi Machi, meli ya Norwegian Dawn, ambayo mwanzoni mwa mwaka huo huo ilipita pwani yetu ya Afrika Mashariki, ilifika kisiwa cha São Tomé ikiwa njiani kutoka Cape Town kwenda Hispania. Abiria wanane waliokuwa wametembezwa na mtu wa pale kisiwani, si kwa matembezi ya meli, walichelewa kurudi. Meli ilikuwa ingali nangani wakiiona kwa macho. Walinzi wa pwani wakawapeleka kwa mashua, nahodha akakataa kuwapandisha. Ikabidi waifukuze meli kwa kupitia nchi kadhaa mpaka Gambia, huko meli ikashindwa kuingia bandarini, wakaendelea kwa gari hadi Dakar ndipo wakaipata.

Magazeti ya dunia yaliwahurumia abiria. Nilipowasimulia wazee wangu habari hiyo, nikishangaa, wao hawakushangaa hata kidogo. Walisema kosa ni la abiria, kila mzoefu anajua kwamba matembezi yaliyonunuliwa melini yakichelewa meli husubiri, na matembezi aliyojitafutia mtu yakichelewa hakuna anayemsubiri. Nikawauliza: Je, ninyi hujitafutia? Wakasema zamani ndiyo, siku hizi hapana, hawana miguu ya kukimbia. Hapo nikamwonea huruma yule kiongozi wa watalii wa São Tomé ambaye hakuna gazeti lililomwuliza. Kwa hofu ya saa, mgeni mzoefu hununua matembezi kwa wenye meli au haendi mbali na geti. Anakunywa chai ya asubuhi melini, anakula cha usiku melini, analala melini. Wenzetu wa bandarini wanaojiandaa kupokea meli hizi wapange mambo yao wakijua hivyo, hasa vijana wanaotembeza wageni: anayemrudisha mgeni saa mbili kabla ya wakati ndiye atakayeaminiwa msimu ujao. Miji mingine tatizo lake ni kinyume, wageni wamezidi. Venice imezifungia meli kubwa mfereji wake wa Giudecca tangu Agosti 2021, na Juneau huko Alaska imeweka mpaka wa meli kubwa tano kwa siku tangu mwaka 2024. Wazee wangu waliunga mkono hatua hizo, nami sina la kuongeza.

Ndugu Mhariri, sababu hasa ya kuandika barua hii ni jioni moja ya wiki ya mwisho ya wageni wale. Nilikuwa nimewauliza: Katika safari zote 19, mnakumbuka nini? Nilitegemea wataje milima ya barafu au mji fulani. Wote wawili walitaja watu. Mzee alimtaja Mfilipino aliyekuwa akiwakunjia taulo kwa sura ya tembo na nyani. Mama akamtaja Mwindonesia wa meza ya chakula aliyekumbuka, baada ya miaka minne na katika meli nyingine, kwamba yeye hanywi chai na maziwa. Wakasema wasafiri wenzao wote wazoefu husema hivyo hivyo, chakula huweza kuwa kibaya na bahari ikachafuka, lakini mhudumu mwema huiokoa safari.

Jioni hiyo alikuwapo kijana niliyemfundisha miaka ile nilipotoka chuo cha ualimu. Amesoma mafunzo ya hoteli, na kuna mtu mjini anayemwambia kwamba akitoa shilingi milioni mbili atapata kazi katika meli ya kitalii. Baba yake, ambaye ni jirani yangu, anataka kuuza shamba la minazi. Nilimwita kijana aje ajionee watu walioziona meli hizo mara 19, awaulize. Akawaamkia kwa adabu, akauliza swali moja, nami nikalitafsiri: "Huyo mhudumu wa chumba huamka saa ngapi, na hulala saa ngapi?"

Wazee wakatazamana. Walijua majina ya watoto wa yule Mfilipino. Walijua kwamba anajenga nyumba ya matofali. Walijua kwamba mkataba wake ni wa miezi mingi bila kurudi kwao. Lakini saa zake hawakuzijua, wala hawakuwahi kushuka zile sitaha za chini anakolala. Asubuhi waliamka wakamkuta ukumbini na kigari chake, usiku waliporudi kutoka mchezoni kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mama akasema polepole kwamba katika safari zote 19 hakuwahi kufikiri kuuliza.

Baadaye nilisaidiwa na mwalimu mwenzangu tukatafuta. Upo Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, nao unamhesabu mhudumu wa chumba na mpishi kuwa baharia sawa na wa mtambo. Unasema saa za kazi zisizidi 14 katika saa 24, wala 72 katika siku saba, au mapumziko yasipungue saa 10 kwa siku na 77 kwa siku saba. Kijana alipiga hesabu mwenyewe mezani kwangu, akaona kwamba hata sheria ikifuatwa ni zaidi ya saa kumi kila siku bila Jumapili. Alisema ataweza. Mimi siwezi kumkatalia, kwani hapa kijijini hana kazi.

Lakini mkataba huo huo unasema baharia asitozwe ada ya kutafutiwa kazi, kwa njia iliyo wazi wala ya kuzunguka. Anachoweza kujilipia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Basi hiyo milioni mbili ni ya nini? Nimemweleza baba yake. Yeye ananijibu kwamba mwalimu hajui mambo ya bahari, na kwamba huyo mtu ana ofisi na muhuri.

Ombi langu kwa wanaohusika na usajili wa mabaharia ni kwamba orodha ya mawakala wanaotambuliwa, pamoja na maneno ya kwamba kazi hiyo hainunuliwi, ibandikwe katika ofisi za vijiji vya pwani, si mijini tu. Ikiwezekana ifanywe upesi. Minazi haijauzwa bado, lakini mnunuzi amekwisha kuja kuihesabu mara mbili.

MWALIMU WA SHULE YA MSINGI,
Wilaya ya Bagamoyo.