Madai Yanayoidhulumu “Mabepari wa Venisi”

Wengi wetu tuliijua tamthilia hii ya Shakespeare kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Inasikitisha kuona namna inavyofundishwa kwa madai ambayo tamthilia yenyewe inayakataa.

Wapo wanaosema mfanyabiashara wa kwenye jina la Kiingereza, The Merchant of Venice, ni Shylock, Myahudi mkopeshaji wa riba. Si yeye. Ni Antonio, mwenye merikebu baharini lakini hana fedha mkononi, anayekopa kwa Shylock na kuweka rehani ratili ya nyama ya mwili wake.

Wengine hudai Shakespeare alimchora Shylock kutokana na Wayahudi aliowaona mitaani. Uingereza iliwafukuza Wayahudi mwaka 1290, na haikuwaruhusu kurudi hadi miaka ya 1650. Wachache waliokuwapo London waliishi kama Wakristo. Kisa cha ratili ya nyama kilitoka kitabuni: kimo katika Il Pecorone, mkusanyo wa hadithi za Kiitalia uliochapishwa mwaka 1558, pamoja na Belmonte na bibi yake tajiri. Venisi halisi iliwatengea Wayahudi mtaa mwaka 1516, malango yake yakifungwa usiku. Tamthilia haiutaji hata mara moja.

Eti riba ilikuwa kazi ya Wayahudi peke yao? Mwaka 1571 Bunge la Uingereza lilikubali kuivumilia riba isiyozidi asilimia 10, na John Shakespeare, baba wa mwandishi, alishtakiwa kwa kutoza riba haramu. Watazamaji wa London walikuwa wakiyatazama madeni yao wenyewe.

Dai linaloniudhi zaidi ni kwamba mahakamani, Shylock anapoidai nyama ya Antonio, rehema ya Kikristo inashinda ukatili wa Myahudi. Portia, bibi wa Belmonte katika tamthilia, aliyejigeuza mwanasheria, anaisifu rehema kwa ufasaha mkubwa, kisha anamnasa Shylock kwa sheria inayomhusu mgeni anayetishia uhai wa raia. Shylock anapokonywa mamlaka juu ya mali yake, na Antonio anashurutisha abatizwe. Rehema gani hiyo? Tena kabla ya hapo Shylock amewakumbusha waungwana wa Venisi kwamba nao wana watumwa waliowanunua, wanaowatumikisha kama punda, wala hawako tayari kuwaachia huru. Hakuna anayemjibu. Mtawala anatishia tu kuahirisha kesi.

Shylock anataka kuua, na hilo halina utetezi. Lakini mwalimu anayeliruka suala la watumwa anawanyima wanafunzi hoja nzito kuliko zote katika kesi ile. Naomba lisomwe darasani, kwa sauti, kabla ya kumhukumu yeyote.