Ajali Haina Kinga, Lakini Kichwa Kina Kinga



Ajali ikitokea barabarani, neno la kwanza tunalosikia ni hili: "Ajali haina kinga." Tunalisema matangani, tunalisema hospitalini, na motari naye analisema akituokotea viatu mtaroni. Ni kweli, hakuna anayejua siku wala saa. Lakini kichwa kina kinga, na juma hili tuongee juu ya kinga hiyo.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1 na gramu 400. Ni laini, na umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Mtu akianguka, fuvu linasimama ghafula juu ya jiwe, lakini ubongo bado unaenda, unajigonga kwa ndani. Mshipa ukipasuka, damu inajikusanya mahali pasipo na nafasi na kuubana ubongo. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama bila kidonda chochote, akajipangusa vumbi, akasema "niko muzima", kumbe ndani ameumia.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema kwamba watu karibu milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka, na kwamba hakuna kitu kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Shirika hilohilo linasema kaske iliyovaliwa vizuri inaweza kupunguza hatari ya kuumia ubongo hadi 74 kwa mia.

Sasa tutazame namna tunavyopanda pikipiki huku Goma, Bukavu ao Butembo. Motari ana kaske, abiria hana. Sisi wamama tuna sababu zetu: nimesuka nywele, kaske ya abiria inanuka, naenda hapa karibu tu. Kwa nywele na harufu, tutie kitambaa chembamba ndani ya kibeti, tujifunge kabla ya kuvaa kaske. Kwa safari fupi, tukumbuke kwamba jiwe halipimi kilometa. Na mkanda wa kidevu sherti ufungwe. Kaske isiyofungwa inaruka mbele ya kichwa kufika chini. Kaske iliyokwisha kugonga katika ajali isivaliwe tena, hata kama inaonekana nzuri.

Kisha kuna watoto. Asubuhi tunaona pikipiki moja imebeba watatu ao wanne wakienda masomo, mdogo kabisa ameketi mbele juu ya tangi. Huyo ndiye wa kwanza kugonga. Kichwa cha mtoto ni kizito kupita kipimo cha mwili wake, na shingo yake bado haina nguvu. Kama masomo ni karibu, atembee pamoja na wakubwa wake, kando ya barabara, akitazama magari yanayokuja. Mama anayebeba mtoto mgongoni naye ajue kwamba wakianguka kinyumenyume, mtoto ndiye anayetangulia chini. Na kikwembe kikining'inia, gurudumu linakikamata. Tukikusanye na kukibana vizuri mbele ya kuondoka.

Motari anakimbia? Tumwambie bila haya: "Mwanangu, polepole, mimi ni mama wa watu." Akikataa, tushuke. Bei ya safari ni yetu, na uzima ni wetu.

Ajali ikiisha kutokea, tusimnyanyue mtu kwa mikono na miguu kama mfuko wa muhogo. Tusimtikise, tusimwagie maji, tusimpe chakula wala kinywaji. Kichwa, shingo na mgongo vibaki katika mstari mmoja. Kama anatapika, watu wawili ao watatu wamgeuze ubavuni kwa pamoja, mmoja akishika kichwa.

Hata aliyerudi nyumbani akitembea, tumchunge siku mbili. Tumpeleke hospitali mara moja tukiona moja ya haya: anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, anasinzia na kuamka kwa shida, anasema maneno yasiyoeleweka, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, mkono ao mguu unalegea, anapata degedege, damu ao maji meupe yanatoka puani ao sikioni. Kwa mtoto mchanga: anakataa titi, analia bila kunyamaza, utosi umevimba. Tusingoje asubuhi.

Jambo la mwisho tunalisema kama walimu. Mtoto aliyegonga kichwa anaweza kurudi darasani akiwa amebadilika: anasahau, anachoka upesi, anakasirika, makelele yanamwumiza kichwa. Mtu mzima vilevile. Mume aliyekuwa mpole anakuwa mkali. Huo si uvivu, wala si uchawi. Ni kidonda kisichoonekana. Mama amwambie mwalimu mambo yaliyotokea, mtoto apewe mapumziko, asicheze mpira mpaka muuguzi ao daktari aruhusu, na arudie masomo kidogokidogo. Fimbo haiponyi ubongo, na pesa tungempelekea mtu wa kutafuta mchawi ziende kwa dawa.

Tunaomba kila kikundi kifanye hesabu katika mkutano wa juma hili: wamama wangapi wamekuja kwa pikipiki, na wangapi walikuwa na kaske kichwani? Kisha muone kama zamu moja ya likelemba inaweza kununua kaske mbili za kikundi, moja ya mama na moja ndogo ya mtoto. Anayesafiri azikope, azirudishe. Tukitiana moyo hivyo, siku pikipiki itakapoanguka, mama atainuka na akili zake zote.