Kiwavi Mwenye Pembe: Tembea Shambani Kabla ya Kushika Bomba

Leo nasema jambo ambalo wauza dawa huenda wasilipende. Yule kiwavi mnene mwenye pembe mkiani, wengi wenu mnampigia dawa wakati kazi yake imeshaisha.

Ni mtoto wa nondo ambaye kitaalamu anaitwa Hippotion celerio. Nondo huyu huruka usiku na kutaga yai mojamoja kwenye majani. Kiwavi akiwa mdogo anakula kidogo, hata humwoni. Akifikia ukubwa wa kidole ndipo anafagia majani, nawe unashtuka. Kumbe siku hizo yuko karibu kushuka ardhini ajigeuze nondo! Ukipiga shamba zima, umelipia dawa na kibarua kwa majani ambayo hayarudi. Isitoshe, umeua nyigu wadogo wanaokupunguzia viwavi bure.

"Sasa afisa, nikimwacha si atanimalizia shamba?" Sijasema umwache. Mzabibu mkubwa wenye majani mengi unavumilia kuliwa kiasi. Mche wa mwaka wa kwanza hauna akiba hiyo. Viwavi wachache tu wanaubakiza vijiti. Hapo usicheke nao.

Ninachotaka ni macho yatangulie bomba. Sisi wa Dodoma tunaovuna mara mbili kwa mwaka, tunapogolea mara mbili, kwa hiyo majani laini yanachipua mara mbili. Hicho ndicho kipindi cha kupita mistari, walau mara mbili kwa wiki:

- Tazama chini ya mzabibu. Ukiona punje nyeusi za kinyesi, mwenyewe yuko juu yake.
- Wakubwa waokote kwa mkono. Ile pembe haichomi.
- Wadogo wakiwa wengi, piga dawa ya bakteria, ile ya Bt. Piga jioni maana jua huiharibu, na lowesha majani vizuri kwa sababu kiwavi hafi mpaka aile.
- Ikibidi dawa kali, soma lebo: je, imeruhusiwa kwa zabibu? Ni siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna?

Najua kutembea kunachosha. Ila mkulima wa biashara anahesabu kila shilingi, na dawa iliyochelewa ni hasara mara mbili. Wiki hii anza na miche michanga. Ukikuta kinyesi chini, niambie umeona nini.