Homa baada ya kuchomwa uvimbe wa ini isipuuzwe

Mwandishi, madhara ya tiba hii umeyapitia haraka mno. Mgonjwa huchomwa uvimbe wa ini kwa sindano ya joto Nairobi, kisha hurudi Karatina, Othaya au Nanyuki, na shida ikija humkuta huku, mbali na daktari wake. Homa ndogo na uchovu siku za kwanza ni kawaida. Homa kali ya kutetemeka, hata wiki kadhaa baadaye, yaweza kuwa jipu ndani ya ini, hasa kwa aliyewahi kuwekewa mrija wa nyongo. Likiwahiwa, hutibiwa kwa antibiotiki na kutolewa usaha. Jamani, huku malaria ni nadra: msidhani homa hiyo ni malaria mkakimbilia dawa za dukani. Nendeni hospitali ya rufaa ya kaunti na barua ya matibabu, muombe ultrasaundi siku hiyo hiyo.