Maji ya Chombo cha Samaki

Wengi wafugao samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika katika chombo cha kioo hulalamika kwamba maji huwa meupe kama maziwa tangu siku ile watiapo mchanga. Sisi nasi yalitupata hayo. Kwa siku mbili tulimwaga maji yote mara tatu, na kila tulipojaza upya vumbi liliinuka tena. Samaki walingoja katika ndoo ndogo. Asubuhi ya tatu tukakuta wawili wamekufa.

Wengine hutushauri kutia changarawe. Haifai: wale samaki wakaao ndani ya maganda matupu ya konokono huchimba chini, nao huhitaji mchanga laini. Lakini uoshwe kwanza, kidogo kidogo katika ndoo, ukikorogwa kwa mkono na maji kumwagwa, hata mara kumi na zaidi, mpaka maji yatoke safi. Kisha weka sahani juu ya mchanga, umimine maji polepole juu yake. Vumbi likibaki, ngoja siku moja au mbili. Pamba safi katika chujio cha pampu italinasa. Shabu husafisha upesi, ila hupunguza magadi ya majini ambayo samaki hao wameyazoea, sisi hatuitumii.

Weupe uonekanao siku kadha baada ya kutia samaki, hali mchanga umekwisha kutulia, ni jambo jingine: mara nyingi ni vijidudu vilivyozidi kwa ajili ya mabaki ya chakula. Hapo punguza chakula, wala usiguse mchanga.