Kivu ya Kaskazini: Namba ya siri ya kadi ya msaada ni ya mwenye kadi, si ya karani

Kila mara misaada inapogawanywa kwa kadi, wasimamizi wanasema vilevile: kadi ni salama, maana ina chipu na namba ya siri. Kwenye karatasi hiyo ni kweli. Lakini kwenye uwanja, mahali pengi, karani anamuuliza mama kwa sauti: « Kode yako ni ngapi? » Mama anataja namba nne, mstari mzima unasikia, na karani anabonyeza mwenyewe. Watu wanaita hiyo kusaidia. Hapana. Ni kumnyang'anya mama kitu ambacho kilikuwa chake peke yake.

Kadi hiyo ya plastiki ina kichuma kidogo cha rangi ya dhahabu. Hapo ndipo kuna chipu, ni kama kompyuta ndogo sana, nayo inaweza kuhakikisha yenyewe kama namba ni sawa. Kwa kadi nyingi, ukikosea mara tatu mfululizo chipu inajifunga, na waliotoa kadi ndio tu wanaweza kuifungua. Kibao cha namba kilicho kwenye mashine ya kusoma kadi nacho hakikuwekwa kwa urembo. Mashine ikipangwa vizuri, namba inatoka kwenye kidole cha mwenye kadi, inapita ndani ya mashine, inafika kwenye chipu, basi. Kompyuta ao simu iliyofungwa kwa mashine inapata jibu tu: sawa, ao si sawa. Namba yenyewe haiioni.

Lakini mashine haijipangi yenyewe. Kuchomeka waya tu haitoshi. Ile programu ya kompyuta lazima ipangwe ili namba ya siri iingizwe kwenye kibao cha mashine. Isipopangwa hivyo, inaweza kufungua kidirisha kwenye kioo cha kompyuta na kuomba namba hapo. Na nani ameketi mbele ya kioo? Karani. Kibao kimenunuliwa, kimelala mezani, hakitumiki. Kisha kadi zinakusanywa pamoja eti kwa kulindwa, na namba zinaandikwa kwenye daftari ao kwenye bahasha ya kadi. Mwenye kushika vyote viwili, kadi na namba, anaweza kutoa pesa ya jamaa bila jamaa kujua. Kwa wizi wa namna hiyo hahitajiki fundi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa jamaa zilizohama, jambo hili ni zito zaidi. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23, na benki za mji zikafungwa. Mwezi uliofuata, kambi za pembeni ya mji kama vile Bulengo na Lushagala zilibaki tupu, watu wakatawanyika, wengi wakirudi upande wa Masisi na Rutshuru. Mtu aliyehama mara mbili ao tatu, ambaye hata kadi yake ya mchaguzi ilipotelea njiani, siku kadi ya msaada itakapojifunga ao kukutwa tupu, atabisha hodi wapi?

Wasimamizi wana majibu yao. Wanasema mstari ni mrefu, wakongwe hawajui kusoma, rezo inakatika, moto hakuna. Majibu hayo yanapaswa kupimwa moja kwa moja.

Kusoma: kubonyeza namba nne si kusoma kitabu. Mama yuleyule anayeambiwa kwamba hajui mashine anatoa pesa kwa simu, na kode ya simu yake hamwambii hata jirani wa karibu. Zaidi ya hayo, kwenye vibao vingi kibonyezo cha 5 kina kitone kilichoinuka, ili hata asiyeona apapase na kujua vingine viko wapi. Kama wenye kutengeneza mashine walimfikiria kipofu, mbona wenye kugawa hawamfikirii mkongwe?

Mstari mrefu: dakika chache za kumfundisha mtu mara ya kwanza zinapunguza mabishano ya kila mwezi. Moto na rezo: betri zinajazwa usiku wa mbele, si wakati watu wamekwisha kupangwa juani. Wengine wanasema alama ya kidole ingemaliza yote. Waulize wenye kulima na kupasua mawe. Vidole vyao vimesuguliwa na kazi, na mashine mara nyingi inavikataa.

Yanayodaiwa si makubwa. Mbele ya mstari kufunguliwa, mashine ichomekwe mbele ya komite ya wakimbizi na wajumbe wa akina mama. Ijaribiwe kwa kadi ya majaribio, wote waone kwamba namba inaombwa kwenye kibao, si kwenye kioo cha karani. Kibao kigeuzwe upande wa mwenye kadi, kizungushiwe kipande cha karatoni, na watu wengine wasimame hatua chache nyuma. Maneno kwenye mashine yawe ya Kiswahili. Inapobaki Kifaransa, mtu ayaeleze kwa sauti. Kila mmoja achague namba yake mwenyewe na kubadilisha ile ya kwanza aliyopewa. Mwenye kuhitaji msaidizi amchague yeye mwenyewe katika jamaa yake, asipewe karani. Mwenye kukosea mara mbili asimamishwe, apelekwe kwenye meza ya pembeni, asiachwe kubahatisha mara ya tatu. Na risiti itolewe kila mara, hata pesa ikiwa kidogo.

Akina mama na akina baba wenye kadi nao wana sehemu yao. Usitaje kode, hata kwa mtu mwenye gile ya shirika. Usiandike kode kwenye kadi. Usichague mwaka wa kuzaliwa ao 1234. Funika kibao kwa mkono. Usiache kadi kwa chifu wa kambi wala kwa mfanyabiashara kama rehani ya deni. Na karani akikataa kukupa kibao, muulize mbele ya watu wote: kwa nini?

Mashirika ya kiutu yanapenda kusema kwamba kadi inampa mkimbizi heshima. Heshima hiyo inaanzia kwa waya mmoja na kibao kimoja kilichogeuzwa upande unaofaa. Komite yoyote ya wakimbizi ina haki ya kusema: kibao kisipogeuzwa, mstari haufunguliwi.