Mwenyewe ni Nani? Nafsi na Umiliki wa Tajiriba katika Kiswahili cha Buguruni

Katika soko la Buguruni, mnunuzi anayekuta mafungu ya nyanya bila muuzaji huuliza: "Mwenyewe yuko wapi?" Jirani wa meza hujibu kwamba mwenyewe katoka kidogo, kisha humwuzia. Si mbali na hapo, kwenye foleni ya zahanati, mgonjwa anayeulizwa kama kaletwa na ndugu zake hujibu: "Nimekuja mwenyewe." Neno ni lilelile. Kwanza linamtaja mwenye mali. Kisha linasisitiza nafsi. Wanafalsafa wa Ulaya wamejadili kwa muda mrefu iwapo maumivu ya mtu ni yake kama kofia yake ilivyo yake. Msemaji wa Kiswahili amelibeba swali hilo ndani ya neno moja, na kwa kawaida hulipita bila kuliona.

Makala haya yanashikilia kwamba jibu la ndiyo linakanushwa na sarufi ya lugha hiyohiyo, na kwamba kuliingiza darasani kwa istilahi kama "umilikaji wa tajiriba" ni kuwapotosha wanafunzi kabla hawajaanza kufikiri.

Katika sentensi "kichwa kinaniuma", kichwa ni kiima, na nafsi ni yambwa iliyobanwa katika kiambishi -ni-. Kauli ya kutendwa, "naumwa kichwa", huileta nafsi mbele lakini haiifanyi kuwa mtenda. "Kichwa changu kinauma" haivunji kanuni yoyote, ila nesi akiisikia anaweza kudhani kuwa mgonjwa analinganisha kichwa chake na cha mwingine. Vivyo hivyo njaa huuma, usingizi hushika, homa hupata, baridi huingia. Hata "nina njaa" maana yake ni kwamba mtu yu pamoja na njaa. "Ninamiliki njaa" haisemwi ila kwa mzaha. Muuza nyanya aweza kumwachia jirani meza yake. Maumivu ya jino hawezi kumwachia, hata kwa zile dakika chache anazokwenda kunywa chai. Mali hugawika, huuzwa, hupotea, huibwa; tajiriba haifanyiwi hata moja kati ya hayo.

Hoja hii si ngeni. P. F. Strawson, katika kitabu chake Individuals (1959), aliichambua hoja ya wale wanaosema kwamba kisichoweza kuhamishwa kwa mwingine hakimilikiwi, na kwa hiyo tajiriba hazina mwenyewe. Aliikataa, kwa kuwa aliona tajiriba haiwezi hata kutambulishwa kuwa ni hii na si ile bila kumtaja mtu aliye nayo. Kiswahili kinaafikiana naye kwa njia yake. Anayesikia "kinauma" tu hukirejesha kiambishi kilichokosekana kwa kutazama muktadha, au huuliza: kinamwuma nani? Mwenyewe lazima awepo. Kinachokataliwa ni kumfanya mwenyewe huyo kuwa tajiri na maumivu kuwa bidhaa zake.

Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika kiambishi cha kujirejea -ji-. Ikisemwa mtaani kwamba fulani "anajiona" au "anajisikia", bila neno jingine, hakuna atakayefikiria masuala ya utambuzi; wote wataelewa kwamba ana majivuno. Sharti kiongezwe kijalizo ndipo vitenzi hivyo virudi kwenye hisi: "anajiona mgonjwa", "anajisikia vibaya". Kinyume chake, "anajitambua" na "anajielewa" ni sifa njema, na hazihitaji kijalizo. Nalo neno "hajitambui" lina maana mbili: ya wodini, yaani aliyepoteza fahamu, na ya mtaani, yaani asiyejua heshima wala nafasi yake. Vitenzi vya hisi vikielekezwa kwenye nafsi tupu huzaa kasoro. Vitenzi vya ujuzi huzaa sifa. Mwaka 1739 David Hume alieleza kwamba kila alipojichungulia hakuikuta nafsi, bali hisi mojamoja za joto au baridi, upendo au chuki. Msemaji wa Buguruni angemshangaa kidogo. Mtu hujiona hivi au vile. Ajionaye tu, basi, huyo ana maringo.

Hapa tahadhari inahitajika. Mwaka 1956 Alexis Kagame alijaribu kuchota falsafa nzima ya kuwa kutoka katika ngeli za Kinyarwanda, na waliouliza kama ngeli ni fikra hawakukosea. Kifaransa nacho chaweza kusema kwamba kichwa kinamwuma mtu, na haidhaniwi kwamba nafsi za Wafaransa zimeumbwa tofauti na za Waingereza. Sarufi haithibitishi nafsi ikoje. Yaweza tu kufichua ni sehemu gani ya swali iliyotokana na lugha ya mwulizaji, na kwa kazi ya istilahi hilo si jambo dogo. "Mwenye maumivu" na "kujitambua" yamo tayari vinywani mwa watu. "Umilikaji" umetoka sokoni, na hoja ya soko umekuja nayo.

Linabaki tukio moja gumu. Katika ngoma za pepo za pwani, anayepandisha huitwa kiti. Mganga hamwulizi "unaumwa wapi?" bali "wewe ni nani?", na sauti hujibu "mimi", ikataja jina lake na kudai marashi au ubani. Sydney Shoemaker (1968) alishikilia kwamba asemaye "naumwa" hawezi kukosea kuhusu nani anayeumwa. Je, kiti anamkanusha? Inaelekea hapana, kwa kuwa wanaobahatisha ni wasikilizaji: wao ndio wasiojua "mimi" hiyo ni ya nani. Hakuna mganga anayeiuliza sauti kama ina hakika kwamba ni yenyewe inayotaka marashi. Lakini alfajiri ngoma ikiisha, kiti huamka hakumbuki kucheza, na viungo vinamwuma. Anayesema "vinaniuma" ni mwenyewe. Aliyevichosha, kwa maelezo ya wote waliokuwapo, alikuwa mwingine.